Saa ya michezo yenye sura ya ajabu: nilinunua mbili, moja nikaiuza

Mkuu, umesema una saa tatu: nyembamba ya mkanda wa ngozi, moja ya rubani, na ya betri unayovaa kila siku. Sasa unataka kuongeza ya michezo, ya kifahari, ambayo mtu akiiona anajua hii siyo ya kila mtu. Umekwama kati ya zile za chuma ambazo cheni yake imeungana na mwili wa saa, na yale madude ya wapiga mbizi yenye maumbo ya ajabu. Unauliza ipi haitakuchosha. Nimepita njia zote mbili. Ya kwanza niliuza, ya pili iko mkononi sasa hivi naandika.

Ya kwanza niliipenda kwenye picha. Kampuni siitaji, maana kosa halikuwa lake. Niliinunua kwa mtu, ikafika, nikaivaa, ikabana. Kuhesabu pingili za cheni, mbili hazipo. Aliyeniuzia alikuwa na mkono mwembamba, akapunguza cheni, zilizotoka akazipoteza. Kwa saa ya kawaida ungesema siyo neno, unatoa cheni unaweka mkanda wa ngozi, maisha yanaendelea. Kwa hii hakuna. Cheni inaanza kwenye mwili wenyewe na kupungua upana pingili kwa pingili, wala hakuna masikio ya kawaida ya kupitishia mkanda mwingine. Ikabidi niagize pingili kwa watengenezaji. Nilisubiri miezi minne, saa iko kwenye droo, na kila nikifungua droo najiona mjinga.

Zilipokuja, fundi saa akazipachika, kisha akaniita nisogee kwenye taa. Akaishika saa kwa vidole viwili akaiinamisha polepole. "Angalia hapa," akasema, akionyesha ukingo, pale sehemu iliyopigwa mistari inapokutana na sehemu inayong'aa. Kwenye zile pingili mpya mwanga ulikuwa unakatika ghafla, kama umekatwa na wembe. Kwenye mwili wa saa mwanga ulikuwa unateleza tu kutoka upande huu kwenda ule. Kona zilikuwa zimelainika kama sabuni iliyotumika wiki mbili. Saa ilikuwa imesuguliwa ing'ae ili iuzike, na anayesugua anakula chuma. Chuma kikishaondoka hakirudishwi kirahisi. Picha zilikuwa zimepigwa kwenye mwanga wa kung'aa, mikwaruzo haionekani, na mimi nikaona "safi kama mpya". Tangu siku ile nikiambiwa saa ya miaka kumi na tano haina hata mkwaruzo, ndiyo kwanza naanza kuitilia shaka.

Niliivaa mwaka mmoja na miezi, nikaiuza. Ukweli ni kwamba hata bila kona zile nisingekaa nayo, na hapo ndipo jibu la swali lako lilipo. Kitu kilichonivutia ni umbo lake, na umbo lile halikuwa na kazi. Kulikuwa na skrubu za urembo, pembe za urembo, uso wenye vigae vya urembo. Mwezi wa kwanza unaangalia saa hata kama hutaki kujua saa ngapi. Mwezi wa sita unaona mapambo tu.

Linganisha na ile iliyoanzisha mtindo wote wa cheni iliyoungana. Kampuni ya Uswisi, Audemars Piguet, walitoa Royal Oak mwaka 1972, mchoraji Gérald Genta. Seiko walishatoa Astron ya betri tarehe 25 Desemba 1969, na Waswisi walikuwa wameanza kutoka jasho. Audemars Piguet wakaleta saa ya chuma, milimita 39, dude kubwa kwa macho ya wakati ule, kwa bei iliyozidi saa nyingi za dhahabu. Wazo la Genta lilitoka kwenye helmeti ya mpiga mbizi, ile inayofungwa kwa bolti. Sasa zitazame zile bolti nane za juu. Mifuo yake yote imelala sawasawa kufuata duara. Skrubu ya kawaida isingekubali, kila moja ingesimama pale ilipokaza. Hizi vichwa vyake vina pembe sita, vimekaa kwenye mashimo ya pembe sita, havizunguki kabisa. Kinachozungushwa kiko upande wa nyuma. Na zinabana kweli: pete ya juu, mpira wa kuzuia maji na mwili wa saa vinashikana kwa bolti hizohizo. Ukishajua hivyo, kila ukiitazama unaona kitu kinafanya kazi. Wenye Royal Oak ninaowafahamu hawajachoka nazo, nadhani hii ni sehemu ya sababu. (Nyingine ni kwamba wanajua walichotoa.)

Genta alirudia mwaka 1976 na Nautilus ya Patek Philippe, yenye masikio mawili pembeni kama dirisha la meli, na mwaka huohuo Ingenieur SL ya IWC. Ile saa inayoitwa 222 ya Vacheron Constantin ya 1977 watu bado wanampa yeye, lakini ni ya mchoraji mwingine, Jorg Hysek. Nakutajia hili kwa sababu kuna muuzaji atakuuzia jina la Genta mahali ambapo halipo.

Basi, nilipojaribu mara ya pili nikajipa sharti moja: kila cha ajabu kwenye saa hii nikiulizwa ni cha nini, niwe na jibu. Ndivyo nilivyoishia kwenye Omega Ploprof, saa ya wapiga mbizi. Najua, najua. Wiki ya kwanza niliulizwa kama hii ni saa au kitasa cha kabati. Ina umbo la sanduku, nobu ya kujazia iko kushoto badala ya kulia, na upande wa kulia kuna kitufe kikubwa cha rangi ya chungwa kimetokeza kama kimesahaulika.

Lakini uliza. Kitufe ni cha nini? Pete inayozunguka kioo ndiyo mpiga mbizi anayohesabia dakika za kukaa chini. Ikigongwa ikasogea, hesabu imeharibika. Kampuni nyingi zilitatua kwa kuifanya pete izunguke upande mmoja tu, ili kosa likitokea liwe la kukuharakisha kupanda. Ploprof wao waliifunga kabisa: haizunguki popote mpaka ubonyeze kitufe. Nobu kushoto? Ukivaa saa mkono wa kushoto na kukunja kiganja, nobu haikuchomi mgongo wa mkono. Mwili mzito vile? Ile ya mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilijengwa kwa mita 600, ikajaribiwa na wapiga mbizi wa Comex, kampuni ya Kifaransa ya kazi za chini ya bahari, na kikosi cha Cousteau, mvumbuzi wa bahari. Watu wale walikuwa wanakaa siku nyingi kwenye vyumba vya mgandamizo wakivuta hewa yenye heli. Heli ni gesi ya chembe ndogo mno, inapenya ndani ya saa, na wakati wa kupanda inataka kutoka kwa nguvu mpaka kioo kinaweza kuruka. Wengine waliweka vali ya kuitolea. Omega wakaamua isiingie kabisa, wakatengeneza mwili wa kipande kimoja usio na mfuniko wa nyuma. Walipoirudisha mwaka 2009 kwa mita 1,200, wakaweka vali. Yangu ni hiyo ya pili.

Mimi sizamii popote. Kina kirefu ilichofika ni bwawa la kuogelea, upande wa watoto. Ila nikiwa kwenye foleni nabonyeza kitufe, nazungusha pete, naachia, inajifunga. Miaka sita na bado nafanya hivyo.

Ina ukorofi wake, usije ukasema hukuambiwa. Shati lenye vifungo vya mkononi halipiti juu yake, kwa hiyo kuna siku inabaki nyumbani. Mtambo wake unakaa saa 60 ukijaa, ukiiacha siku tatu umeikuta imelala. Na hapo tarehe haina njia ya mkato: unavuta nobu, unarusha mshale wa saa mbele, saa moja moja, mizunguko miwili kwa kila siku iliyopotea. Kama ilisimama tarehe 3 na leo ni tarehe 28, tengeneza chai kwanza. Kwa upande mwingine, ukisafiri unarusha huohuo mshale wa saa peke yake, dakika haziguswi, na hapo unasahau matusi yote.

Kuhusu namba za mita zilizoandikwa usoni, usizitegemee kwa saa iliyotumika. Zilipimwa saa ikiwa mpya. Mipira inakauka, na saa ikishafunguliwa na mtu asiyekuwa na kifaa cha kupimia, namba ile inabaki maandishi. Peleka ipimwe kwa mgandamizo kabla haijaona maji.

Kwa mkusanyiko wako, nikitazama hizo tatu, hakuna inayoweza kugongwa mlangoni bila wewe kuumwa moyo. Nafasi iliyo wazi ni hiyo. Saa ya cheni iliyoungana ni nyembamba na inapita chini ya shati, kwa hiyo itagombania siku zilezile na ile ya ngozi, na mojawapo itaanza kulala. Dude la wapiga mbizi halitagombana na mtu. Ningekuwa wewe ningeenda huko, siyo lazima Ploprof.

Kabla ya yote, chukua rula uilaze juu ya mkono, upime ile sehemu bapa tu. Mzunguko wa mkono hausaidii hapa. Kisha uliza muuzaji urefu wa saa kutoka sikio la juu hadi la chini. Ploprof ni milimita 55 kwa upana, namba inayotisha watu, lakini kwa urefu ni 48, na urefu ndio unaoning'inia nje ya mkono. Kuna saa za milimita 42 zinazonizidi mimi kuliko hii. Leta namba zako hapa tuone, na kama bado unaifikiria ile ya cheni, mwambie akupigie picha pingili zote, hata zile zilizotolewa, zikiwa zimepangwa mezani.