Muulize Fundi: Profoma tatu za simu za ofisi, nichukue ipi?

Wasomaji wangu wa kusini, barua za safari hii karibu zote ni za simu za ofisini, nahisi ni kwa sababu msimu wa korosho unakaribia na kila mwenye ghala anataka simu yake ishike. Nimechagua sita. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu maana ndo imebeba nyingine zote, mkiona nawarudisha juu msinune.

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mhasibu wa chama cha ushirika, ofisi kuu iko Mtwara mjini, maghala mawili yako Masasi na lingine Liwale. Tunataka mfumo wa simu za intaneti, watu kama 35. Laini ya waya tunayo moja, wakulima wanapiga namba za mkononi, na Liwale intaneti ni ya dishi. Tumeletewa profoma tatu, ya kwanza seva ya Asterisk yenye FreePBX, ya pili boksi la Grandstream UCM6304, ya tatu Cisco. Ya kwanza ni rahisi mpaka inatia shaka, hiyo ya tatu kwa bei yake unapata Noah ya mtumba. Wazee wa bodi wanasema cha ghali ndo imara. Tunataka kuamua kabla ya mnada wa kwanza. Dada Mhasibu, Mtwara.

JIBU: Marahaba dada. Kwanza waambie wazee kwamba profoma ya kwanza na ya pili ni ndugu wa tumbo moja. Asterisk ni programu inayogeuza kompyuta kuwa mtambo wa simu, iliandikwa mwaka 1999 na kijana wa Marekani, Mark Spencer, kampuni yake ilikuwa changa na mtambo wa simu wa kununua ulikuwa umewashinda bei, basi akajiandikia wake na akauachia watu bure. FreePBX ni sura ya kubofya iliyowekwa juu yake ili usihangaike na mafaili ya maandishi. Sasa hilo boksi la UCM ukilifungua ndani unaikuta Asterisk ile ile imevalishwa kanzu ya Grandstream. Kwa hiyo wakikuletea jedwali la kulinganisha eti huyu ana voisimeili huyu ana foleni ya wapigaji, usipoteze muda, wote wanazo. Tofauti ni nani atabeba mzigo siku ikigoma, FreePBX inataka mtu anayeijua Linux vizuri na awepo karibu, boksi linataka mtu anayeweza kusoma menyu.

Cisco sibishani nayo, ni mtambo wa maana, walianza kwa kuinunua kampuni ya Selsius mwaka 1998 na wameujenga tangu hapo. Ila leseni zake zinahesabiwa kwa kila mtumiaji na kila ukitaka kuongeza kitu kuna karatasi ya kulipia, na fundi wake aliyesomea ukimtafuta huku kwetu utamwagizia Dar. Ukiwa na watu elfu tano na kitengo cha mitandao chenye mishahara nitakwambia chukua. Watu 35? Na hiyo habari ya cha ghali ndo imara, wakumbushe wazee kwamba Avaya, jina kubwa kabisa kwenye simu za maofisini, ilikimbilia mahakamani kuomba kinga ya kufilisika mara mbili, 2017 na 2023. Haijafa, bado ipo, ila ukubwa wa jina haukumlinda na madeni.

Sasa nakuja kwenye kilichonifanya nikae na barua yako siku mbili. Mie nikiletewa profoma sianzii kwenye seva, nashuka moja kwa moja chini kutafuta getiwei, yaani kile kifaa kinachotoa sauti kwenye mtandao wenu wa ndani na kuipeleka kwenye laini za simu za nje. Profoma yako ya kwanza nimeisoma mara tatu, getiwei haimo! Ndo maana ni rahisi. Mtapigiana vizuri kabisa Mtwara na Masasi, siku mkulima wa Nanyumbu akitaka kuwapigia hana pa kuingilia, na hapo muuzaji atakuletea profoma ya pili ukiwa umeshalipa ya kwanza.

Hiyo UCM6304 inayo, ina matundu manne ya FXO na manne ya FXS. FXO ni tundu la kuchomeka laini ya waya inayotoka nje, zile namba za 023. FXS ni la kuchomeka simu ya mezani ya kizamani, lenyewe ndo linaipa umeme na mlio. Jiulize mna laini za waya ngapi? Barua yako inasema moja, na wakulima wanapiga namba za mkononi. Basi matundu matatu mnayalipia yakae yanatizama ukuta. Nyie mnataka UCM6301, ina FXO moja na FXS moja na inabeba watumiaji wengi kuliko nyie mara nyingi tu, alafu pembeni getiwei ya simkadi, Yeastar wanazo za TG, Dinstar pia wanazo, unaweka laini za mitandao miwili mitatu zilizosajiliwa kwa jina la ushirika na mtu akipiga namba yenu anaingia kwenye foleni ya ofisi. Kama ofisini mna faiba, muulizeni mtoa huduma wenu habari ya SIP trank, hapo sauti inaingia kupitia intaneti yenyewe na simkadi zinabaki kuwa akiba. Na vifaa viwe vimepitishwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, mwambie muuzaji akuoneshe karatasi asikupe maneno.

Upana wa mtandao usikutishe. Simu moja kwa kodeki, yaani namna ya kufunga sauti isafiri, ya G.711 inakula kilobiti 87 hivi kwa sekunde kila upande ukihesabu na mizigo ya njiani, ukitumia G.729 inashuka mpaka 31, na hiyo G.729 hati miliki zake zimekwisha tangu 2017 kwa hiyo asikutoze mtu leseni yake. Simu kumi kwa pamoja Masasi hazifiki megabiti moja. Penye kazi ni Liwale kama kweli mnatumia dishi. Kama ni setilaiti ile ya mbali, iko juu kilomita 35,786, sauti ipande ishuke tayari imekula kama milisekunde 250, na wataalamu wa ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, wanataka isizidi 150 ili watu waongee bila kukanyagana. Hakuna seva itakayoitibu hiyo, hata Cisco. Liwale wapeni laini ya mkononi ya kawaida na muwaingize kwenye foleni kupitia getiwei.

La mwisho ni seva ikae wapi. Mnaikumbuka Mei 2024? Kimbunga Hidaya kimepita, mafuriko yamekata barabara ya Dar kule Somanga, mabasi yamelala njiani, na tarehe 12 nyaya za baharini za EASSy na Seacom nazo zikakatika intaneti ikawa inachechemea nchi nzima. Nilikuwa nahudumia ofisi mbili, moja seva yake iko kabatini hapa Shangani, Mtwara mjini, nyingine wamekodi seva iko Ulaya. Wa Shangani walikuwa wanapigiana na Masasi kama hakuna kilichotokea, sauti inazunguka humu humu nchini haina haja ya kuvuka bahari. Wa Ulaya walikuwa wanatumana kijana na pikipiki. Na adapta ya umeme ya kubadilisha ambayo Dar unainunua dukani saa moja, ile wiki haikufika. Kwa hiyo chukua profoma ya pili, shusha boksi liwe 6301, ongeza getiwei ya simkadi, na pesa itakayobaki nunua boksi la pili la akiba liwekwe kabatini na kopi ya mipangilio yote.

Kabla hujasaini mwambie muuzaji afunge kwa majaribio siku tatu, wewe nenda ghalani Masasi mchana wakati watu wamejaa kwenye mzani, piga ofisini na umwombe mwenzio ahesabu moja mpaka ishirini taratibu. Ukisikia kumi na mbili, kumi na... kumi na tano, pakiti, yaani vipande vya sauti, zinadondoka na hiyo ni kazi ya mtandao wa ndani, usikubali akwambie utazoea.

SWALI: Fundi habari. Nina nyumba ya wageni Mikindani. Tumefunga getiwei ya FXO ya laini nne, mgeni akipiga akikata simu, laini yetu haikati. Inabaki imeshikwa mpaka tuizime getiwei. Aliyefunga anasema tununue seva kubwa zaidi. Mama wa Mikindani.

JIBU: Mama, usinunue kitu. Seva haina kosa na wala haijui kama mtu amekata, anayepaswa kujua ni getiwei, na yeye anajua kwa njia mbili. Ama kituo cha simu kinageuza umeme wa laini chanya kuwa hasi mtu anapokata, ama kinaleta ule mlio wa tuu tuu tuu. Kama kwenye laini yako umeme haugeuki basi getiwei inabaki kusikiliza mlio, nayo imetoka kiwandani ikiwa imefundishwa mlio wa nchi nyingine, kwa hiyo mlio wetu unaipita kama upepo.

Niliwahi kukaa na tatizo hili usiku kucha kwenye ofisi moja, nabadilisha seva, nabadilisha waya, kumbe! Dawa yake: chomeka simu ya kawaida kwenye laini, mtu apige kisha akate, urekodi mlio kwa simu yako, uufungue kwenye programu ya Audacity ambayo ni ya bure. Utaona masafa yake kwa hezi, utaona mlio unadumu milisekunde ngapi na kimya ngapi. Namba hizo tatu ziandike kwenye getiwei sehemu ya mlio wa laini kukatika. Kazi ya nusu saa. Na kama mnasikia mwangwi pia, waambie wabadilishe ukinzani wa laini (impedance) humo humo kwenye mipangilio, wajaribu mmoja mmoja mpaka mwangwi upungue.

SWALI: Sisi ni wakala wa forodha bandarini Mtwara. Tumeingia ofisini Jumatatu tukakuta bili ya simu za nje ya nchi ambazo hakuna aliyepiga, zimepigwa usiku wa Jumamosi. Mfumo ni FreePBX. Tumerogwa?

JIBU: Hamjarogwa, mmepigwa. Kuna programu zinazunguka intaneti nzima saa zote zinagonga mlango wa 5060 ambao simu za intaneti hupitia, zikikuta ekstensheni, yaani namba ya ndani, 100 yenye nywila 100 zinaingia zinapiga namba za gharama za nje, na wanapenda wikiendi maana hamna mtu. Fungeni leo hii simu za nje ya nchi kwa ekstensheni zote, muwaachie wawili wenye namba ya siri. Ongeeni na mtoa huduma awawekee ukomo wa pesa kwa siku. Nywila ziwe ndefu za ovyo ovyo. Na ule ukurasa wa kusimamia mfumo msiuache wazi kwenye intaneti hata siku moja, Agosti 2025 kulikuwa na tundu kwenye FreePBX na waliovamiwa ni wale waliouacha wazi, ukitaka kuingia ukiwa nyumbani pitia VPN, ile njia ya siri ya kuingilia mtandao wa ofisi. Asije mtu kuwaambia mkihamia ya kulipia mmepona, Machi 2023 programu ya kompyuta ya 3CX, mtambo mwingine wa simu, yenyewe ilichezewa huko huko kwa mtengenezaji na wateja wakaipakua ikiwa na sumu.

SWALI: Bro, nina mchongo Lindi, jamaa yuko nje anataka kunipa getiwei ya simkadi 32, mie niweke laini na intaneti tu, ananilipa kwa dakika. Iko poa?

JIBU: Mdogo wangu, hiyo inaitwa simboksi. Simu za kutoka nje zinaingizwa kinyemela zionekane za ndani, ni kosa la jinai na watu wamepandishwa Kisutu kwa hilo. Kifaa ni kile kile nilichomshauri dada wa ushirika hapo juu, tofauti yeye anapiga simu zake mwenyewe kwa laini zenye jina lake. Na hizo 32 unataka kuzisajili kwa kidole cha nani? Achana nayo.

SWALI: Kwani WhatsApp haitoshi? Tuko wanne ofisini Newala.

JIBU: Inatosha.

SWALI: Fundi, zahanati yetu Nachingwea ina simu za mezani sita za zamani, tumeambiwa tuzitupe tununue mpya. Alafu umeme ukikatika na hizo mpya zinakufa, zamani simu ilikuwa inalia hata gizani. Mzee wa zahanati.

JIBU: Shikamoo mzee. Usitupe hata moja, kama zinalia na vitufe vyake ni vizima nunua adapta za FXS, mfano Grandstream HT802 inachukua simu mbili, kwa hiyo tatu zinakutosha na manesi hawatajifunza kitu kipya. Hilo la giza umeliona sawasawa, zamani umeme wa simu ulikuwa unatoka kituoni kwenye waya wenyewe, sasa unatoka ukutani kwako. Weka adapta, ruta, switchi na boksi la simu kabati moja, vyote kwenye UPS moja yenye betri ya maana au kwenye sola kama mnayo ya friji la chanjo, ila muulize kwanza fundi wa friji kama kuna nguvu inayobaki. Ukiweza ongeza adapta ya nne, simu ya wodi ya wazazi uiweke humo peke yake, ili nyingine zikichezewa yenyewe ibaki inalia.