Darubini Katika Hewa ya Chumvi: Namna ya Kuichagua na Kuitunza Visiwani

Watu wanaponiuliza habari za darubini, yaani ile ya kutazamia kwa macho mawili, swali la kwanza huwa bei, na la pili huwa inaona mbali kiasi gani. Swali ninalolisubiri na ambalo haliji ni itakaa wapi siku ambazo haitumiki. Kwa anayeishi Pemba au Unguja, jibu la swali hilo ndilo linaloamua kama darubini itarithiwa na watoto au itakufa baada ya masika machache. Nimeshika mikononi darubini nzuri sana, za Kijerumani na za Kijapani, zilizoletwa na jamaa kutoka Maskati au Uingereza, zikafungiwa kabatini ndani ya mfuko wake wa ngozi na kutolewa mara moja kwa mwaka kwa ajili ya kuangalia mwezi wa Ramadhani, na siku hiyo mwenyewe akashangaa kuona kila kitu kimefifia. Hazikuwahi kuanguka wala kuingia maji. Zimeharibikia kabatini, kwa kuenziwa kupita kiasi.

Nianze hata hivyo na uchaguzi, kwa sababu sehemu ya matunzo hununuliwa pamoja na chombo chenyewe. Kila darubini huandikwa namba mbili, kwa mfano 8x42. Namba ya kwanza ni ukuzaji, na ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Ukigawa ya pili kwa ya kwanza unapata upana wa duara la mwanga linalofika kwenye jicho: kwa 8x42 ni milimita 5.25, kwa 7x50 wanayoipenda mabaharia ni zaidi kidogo ya 7, na kwa ile ndogo ya mfukoni ya 10x25 ni 2.5 tu. Mboni ya kijana hufunguka gizani hadi kiasi cha milimita 7, nayo hupungua kadiri umri unavyosonga. Hesabu hii ina maana kubwa kwetu, kwa sababu mambo mengi tunayotaka kuyatazama hutokea kwenye mwanga haba: ninga wa Pemba akila matunda juu kabisa ya miti ya Ngezi huku chini kukiwa na kivuli kizito, popo wa Pemba wakianza kuruka wakati wa magharibi pale Kidike, au hilali nyembamba inayokaribia kuzama. Darubini ya 10x25 mchana kweupe ufukweni inatosha, lakini ndani ya msitu wa Ngezi saa kumi na mbili na nusu asubuhi itakuonesha weusi uliokuzwa mara kumi.

Wengi hudhani ukuzaji mkubwa ndio ubora. Ukweli ni kwamba kila kinachokuzwa hukuzwa pamoja na mtetemo wa mkono wako, na ukiwa ndani ya mashua inayoelekea kisiwa cha Misali wakati wa kusi, hata mara nane ni kazi kuituliza. Kwa mtu anayetaka darubini moja tu ya shughuli zote, ushauri wangu haujabadilika: 8x42 kwa nchi kavu, na 7x50 kwa ambaye maisha yake yako baharini. Zile zinazotangazwa kukuza mara mia moja, zenye lenzi za mbele zinazong'aa wekundu, ziacheni dukani. Rangi ile nyekundu hurudisha nje mwanga ambao ungepaswa kuingia, na picha inayobaki huwa ya kijani na hafifu.

Jambo ambalo sikubaliani na mtu yeyote kulipunguza ni kuzibwa. Darubini ya visiwani iwe imejazwa nitrojeni au agoni na viungo vyake vimezibwa kwa pete za mpira. Gesi hiyo ni kavu, haina mvuke wa maji, kwa hiyo lenzi haziingii ukungu kwa ndani na kuvu haipati unyevu wa kuotea. Someni maelezo kwa makini, kwa sababu kuna darubini zinazoitwa za kustahimili mvua ambazo hazikujazwa gesi wala kuzibwa sawasawa. Hizo ni za nchi nyingine. Ama kuhusu fedha, darubini za juu za Swarovski, Zeiss na Leica huuzwa zaidi ya dola 2,000, na ni kweli ukiitazama moja utaelewa kwa nini. Lakini yale yaliyokuwa ya wenye nacho yameteremka. Tabaka maalumu la kwenye prizimu, yaani vile vipande vya kioo vya ndani vinavyopindisha mwanga, ambalo Zeiss walilianzisha mwaka 1988 ili picha ya darubini nyembamba zenye mirija iliyonyooka iwe kali, leo limo kwenye darubini za dola 300 hadi 500 ambazo pia zimezibwa na kujazwa gesi. Kwa mwongoza wageni au mwalimu wa skuli anayependa ndege, hapo ndipo fedha hununua kitu cha maana zaidi.

Sasa tuje kwa adui. Vijimbegu vya kuvu vimo hewani kila mahali, na hata kioo kilichosafishwa vizuri huwa navyo. Vinachosubiri ni unyevunyevu unaokaa juu ya asilimia 65 au 70 kwa muda, joto, giza na hewa iliyotulia. Nani asiyejua kwamba kabati la Wete mwezi wa Aprili lina vyote vinne? Mfuko wa ngozi huongeza cha tano, yaani chakula, kwa kuwa ngozi hunyonya maji na yenyewe huota kuvu kabla ya kioo. Kuvu ikishashika lenzi hutandaa kama utando wa buibui kuanzia ukingoni, na huku ikitandaa hutoa asidi inayokula tabaka jembamba la kuzuia mng'ao wa mwanga lililopakwa juu ya kioo. Ikisafishwa mapema huondoka bila alama. Ikiachwa, hata ukifanikiwa kuiondoa utabaki na mchoro wake kwenye kioo daima. Na kuzibwa hakumalizi habari, kwa sababu gesi huilinda darubini kwa ndani tu. Lenzi za nje ziko kwenye hewa ile ile ya kabatini.

Kwa hiyo mfuko wa ngozi utumieni safarini, na nyumbani darubini ikae mahali pengine. Mimi hutumia bakuli la plastiki lenye kifuniko cha kubana, la aina ile tunayohifadhia biskuti za Idi, na ndani yake naweka silika, zile chembe za kukausha hewa, kiasi cha viganja viwili, pamoja na kipima unyevu kidogo cha bei nafuu. Lengo ni asilimia 40 hadi 50. Hakuna haja ya kukausha zaidi ya hapo. Vipakiti vidogo vinavyokuja ndani ya visanduku vya viatu havifai sana, kwani vingi vimekwisha kunyonya maji hadi vimeshiba kabla havijakufikia. Nunueni silika yenye rangi, ile ya chungwa inayogeuka kijani ikishiba. Ikigeuka, imwageni kwenye trei na kuiweka katika oveni kwa nyuzi 120 za Selsiasi kwa saa mbili au tatu, nayo itarudi rangi yake na kufanya kazi upya, mwaka hadi mwaka. Ipo pia ya buluu inayogeuka waridi. Hiyo rangi yake hutokana na kobalti, ambayo ni sumu, basi isiingie kwenye oveni ya kupikia wala isifikiwe na watoto.

Asiye na silika bado ana dawa, nayo ni kuitumia. Darubini inayotolewa nje kila baada ya siku chache, ikapigwa na upepo na mwanga, ikapanguswa na kurudishwa, haipati kuvu kwa urahisi. Rafu iliyo wazi kwenye chumba chenye upepo ni bora mara nyingi kuliko sanduku lililofungwa bila kikaushio. Wenye kufanya kazi kwenye ofisi na hoteli zenye kiyoyozi wana tatizo la upande wa pili: chombo kilichopoa, kikitolewa ghafla kwenye joto la nje, hukusanya umande papo hapo. Iacheni ndani ya mfuko uliofungwa kwa nusu saa hadi ipate joto la nje, ndipo muifungue.

Chumvi ina tabia yake. Ukitoka baharini, hata kama hukurushiwa tone, lenzi zimeshabeba punje ndogo za chumvi na vumbi la mchanga wa matumbawe. Anayeshika ncha ya kikoi au upande wa kanga na kusugua wakati huo anazisugua punje hizo juu ya kioo. Mpango wangu ni huu, na sijaona sababu ya kuubadilisha. Kwanza napuliza kwa pampu ndogo ya mpira, halafu napitisha brashi ya manyoya laini nikiwa nimeielekeza darubini chini ili kinachong'oka kianguke. Kama imezibwa kikamilifu, naisuuza chini ya maji yanayotiririka taratibu, kwa sababu chumvi huyeyuka na maji ni njia ya upole kuliko kitambaa chochote. Hapo kuna jambo la kwetu la kuangalia: visima vingi vya karibu na pwani vina maji ya chumvichumvi, na ukisuuzia hayo umefanya kazi bure. Tumieni maji ya mvua yaliyochujwa au ya chupa. Baada ya hapo naigusishagusisha kitambaa laini cha miwani ili kinyonye matone, na mwisho kabisa, ikiwa bado pana mafuta, natia tone moja la dawa ya lenzi kwenye kitambaa, si kwenye kioo, nikazungusha kutoka katikati kwenda nje bila kukandamiza. Dawa za kusafishia vioo vya madirisha zenye amonia zisikaribie.

Lenzi za upande wa macho ndizo zinazochafuka zaidi, na si kwa chumvi. Jasho, mafuta ya kope na wanja hubaki pale. Wageni wangu wakipokezana darubini, mmoja aliyetia wanja hutosha kuacha ukungu mweusi ambao wanaofuata hulaumu kioo. Vilevile dawa za kufukuzia mbu zenye kemikali iitwayo DEET huyeyusha mpira na plastiki. Mtu akishajipaka mikononi na kuishika darubini, mpira wa nje huanza kunata, na kunata huko hakuondoki. Nawalazimisha wanawe mikono kwanza, nao huniona mkali.

Darubini ikianguka, tazameni kama mirija miwili bado inaelekea mahali pamoja. Chagueni ukingo wa bati la nyumba ya mbali, mtazame kwa macho yote mawili, kisha msogeze darubini polepole mbali na uso kiasi cha shibiri mkiendelea kutazama. Ukingo ule ukionekana umepanda upande mmoja na kushuka upande mwingine, prizimu imehama. Macho huvumilia tofauti ndogo kwa kujilazimisha, ndiyo maana mtu hudhani darubini ni nzima huku kila akiitumia kichwa kinamuuma. Kazi ya kuipanga upya ni ya fundi mwenye vifaa vya kupimia, na kwa iliyozibwa ni kuirudisha kwa mtengenezaji. Fundi saa ni hodari katika saa. Yuko mmoja aliyefungua darubini iliyojazwa nitrojeni ya jamaa yangu, akaisafisha vizuri kwa kweli, akaifunga kwa gundi. Gesi ilikwenda zake, na masika yaliyofuata unyevu ukaingia ndani.

Kuhusu mwezi, kwa kuwa wengi huitoa darubini kwa ajili hiyo: hilali hutafutwa magharibi, karibu na pale jua linapozama, na hamu humfanya mtu aanze mapema. Jua lote lizame kwanza. Lenzi ya milimita 42 hukusanya mwanga wa jua na kuupeleka moja kwa moja kwenye retina, na jicho huungua bila maumivu ya kumwonya mwenyewe. Watoto wasipewe kabla ya wakati huo, hata kwa sekunde moja.

Kwa wanaonunua ya mkononi, yaani iliyokwisha kutumiwa na mtu mwingine, njooni na tochi. Imulikeni kutoka upande wa lenzi za mbele huku mkichungulia kwa pembeni upande wa macho, halafu mgeuze. Vumbi kidogo ndani halidhuru picha. Kinachotafutwa ni nyuzi nyeupe zenye matawi, au weupe wa maziwa uliotanda. Halafu ishikeni kwa mkono ulionyooka kuelekea anga na mtazame yale maduara mawili madogo ya mwanga: yakiwa mviringo kamili, prizimu ni nzuri, yakiwa na kingo za kijivu zinazoyafanya yaelekee umbo la mraba, kioo chake ni cha daraja la chini. Zungusheni gurudumu la kulengea mwanzo hadi mwisho, liwe laini bila kukwaruza, kwani mkwaruzo maana yake ni mchanga au chumvi ndani. Nyuzi za kuvu zikiwa kwenye uso wa nje wa lenzi peke yake, jadilianeni bei na muichukue, isafisheni siku hiyo hiyo na muitenge na vyombo vyenu vingine hadi muwe na hakika imepona. Zikiwa kwenye prizimu, muacheni nayo mwenyewe.