Maswali ya Wasomaji: Sifuri za 2012 na shilingi mia tano za mwezi

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Huku Masasi mimi na kaka yangu tunagawana kiambaza kimoja, yeye ni CCM wa kutupwa na mimi ni mpinzani. Kila matokeo ya kidato cha nne yanapotangazwa tunagombana hadi shemeji anaondoa chakula mkekani. Kaka anasema Serikali imejenga sekondari kila kata na imefuta ada. Mimi nasema imejenga majengo, haikujenga shule. Yakitajwa matokeo ya 2012 ndiyo hatuelewani kabisa. Ni nani kati yetu mwenye haki?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Nianze na huo mwaka unaowagombanisha. Mwanzoni mwa 2013, kabla matokeo hayajatoka, mbunge wa kuteuliwa James Mbatia wa NCCR-Mageuzi alipeleka bungeni hoja binafsi kuhusu udhaifu wa elimu, akidai, pamoja na mambo mengine, kwamba nchi haikuwa na mitaala inayoeleweka. Hapo ndipo Bunge lilipopata nafasi ya kuuliza mtoto anafundishwa nini na anaelewa nini. Badala yake ubishi ukahamia kwenye makaratasi, iwapo nakala za mitaala zilizoletwa na Waziri Shukuru Kawambwa zilikuwa halali au la, na hoja yenyewe ikazimika katikati ya kelele. Majuma machache baadaye, mwezi Februari, yakatangazwa matokeo ya mtihani wa 2012: takribani watahiniwa sita katika kila kumi walipata sifuri, yaani daraja la walioshindwa.

Waziri Mkuu Mizengo Pinda aliunda tume, iliyoongozwa na Profesa Sifuni Mchome, na ilipofika Mei Serikali ikayafuta matokeo hayo kwa maelezo kwamba utaratibu mpya wa kupanga alama ulikuwa umetumika bila maandalizi ya kutosha, ikaagiza yapangwe upya. Yakapangwa, na bado zaidi ya nusu ya watoto wakabaki na sifuri zao. Mwaka huo huo likaja wazo la kuweka daraja la tano mahali pa sifuri, wananchi wakalalamika, likaachwa. Matokeo ya 2014 yakatolewa kwa mfumo wa GPA, yaani wastani wa alama, badala ya madaraja. Mwaka 2016 Waziri Joyce Ndalichako, ambaye mwaka 2012 ndiye aliyekuwa Katibu Mtendaji wa Baraza la Mitihani, akayarudisha madaraja. Mabadiliko yote hayo, ndugu yangu, yalifanyika katika muda usiotosha mtoto kumaliza hata shule ya msingi, na hakuna hata moja kati yake lililogusa kile anachokifanya mwalimu saa mbili asubuhi mbele ya darasa.

Ndiyo maana siwezi kukupa ushindi wewe, wala siwezi kumpa kaka yako. Yeye ana haki anapokukumbusha kwamba kabla ya MMES, mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari ulioanza 2004, mtoto wa mkulima wa korosho aliyefaulu darasa la saba angeweza kukosa nafasi kwa sababu tu shule hazikuwepo, na kwamba tangu Januari 2016 ada ya sekondari za umma hadi kidato cha nne imefutwa. Hilo si jambo dogo, na mpinzani anayelidharau anawadharau wazazi waliokuwa wakiuza mbuzi ili mtoto arudi shule. Wewe nawe una haki, kwa sababu shule nyingi za kata zilifunguliwa zikiwa na walimu wa kuhesabu kwa vidole na bila maabara. Lakini nyote wawili mnagombea vitu vinavyohesabika, na wanasiasa wetu wanafanya vivyo hivyo: huyu anahesabu madarasa, yule anahesabu sifuri.

Nilifundisha biolojia katika shule moja ya kata kwa miaka kumi na mmoja. Siku moja nilimkuta kijana wa kidato cha pili kwenye bustani ya shule akiwaeleza wenzake kwa nini miche ya mchicha imenyauka: mliizidisha mbolea, alisema, sasa udongo ndio unaovuta maji kutoka kwenye mche, badala ya mche kuvuta maji kutoka kwenye udongo. Mimi mwenye shahada nisingelieleza vizuri kuliko yeye. Wiki iliyofuata niliweka swali hilo hilo kwenye jaribio, kwa Kiingereza kama tunavyotakiwa. Katika nafasi ya jibu aliinakili sentensi ya swali, akaruka mstari, akainakili tena, kwa mwandiko safi sana. Nilimwandikia sifuri kwa kalamu nyekundu, kwa sababu sikuwa na mahali pa kuandika alama za bustanini. Mtoto huyo alikuwa amesoma miaka saba kwa Kiswahili, kisha akapewa majuma machache ya kozi ya awali ya Kiingereza, akaambiwa sasa haya, fizikia, kemia, biolojia.

Sera ya Elimu ya 2014, iliyozinduliwa na Rais Kikwete mwaka uliofuata, iliahidi Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia katika ngazi zote. Ahadi hiyo haikutekelezwa, na toleo la 2023 la sera hiyo limekiacha Kiingereza kuwa lugha ya sekondari. Wapo wazazi wanaotaka Kiingereza kwa nguvu zote, nami nawaelewa, maana wameona kazi zinakokwenda. Basi mtoto afundishwe Kiingereza hasa, na walimu wa Kiingereza hasa, tangu chini. Ninachokikataa ni hali hii ya katikati, ambayo chama tawala hakiitetei waziwazi na vyama vya upinzani havijaipigania kama vinavyopigania tume ya uchaguzi.

Nina ombi moja kwenu. Matokeo yajayo yakitoka, kabla ya kugombana, chukueni daftari la mtoto wa nyumbani kwenu, mwambieni asome ukurasa alioandika mwenyewe, kisha awaeleze kwa maneno yake maana yake ni nini. Mkishamsikiliza, nendeni pamoja kwa diwani wenu.

SWALI: Mwalimu, mkuu wa shule anaomba mchango wa kumlipa mlinzi. Diwani amesimama mkutanoni akasema tusitoe hata senti, elimu ni bure. Tumfuate nani?

JIBU: Fedha ya uendeshaji kwa mwanafunzi wa shule ya msingi iliwekwa shilingi 10,000 kwa mwaka tangu wakati wa MMEM, mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi, na kiwango hicho ndicho kilichotumika hata elimu ilipotangazwa kuwa bila ada. Kati yake, shilingi 4,000 zilibakizwa juu serikalini kwa ajili ya vitabu, kwa hiyo zilizofika shuleni ni 6,000, yaani 500 kwa mwezi, za chaki, ukarabati, karatasi za mitihani na mengineyo. Diwani wenu analijua hilo, au anapaswa kulijua, na ninasikitika anapomwacha mkuu wa shule aonekane mwizi.

Hata hivyo mkuu naye asiwashurutishe. Mwaka 2018 Rais Magufuli alipiga marufuku walimu kukusanya michango, na hakuna mtoto anayeruhusiwa kurudishwa nyumbani kwa sababu mzazi wake hakutoa. Mkikubaliana kwa hiari, fedha zipitie kwenye kamati ya shule kwa idhini ya mkurugenzi wa halmashauri, mpewe risiti, na hesabu zibandikwe kwenye ubao wa matangazo. Diwani aalikwe siku ya kuzisoma, na aulizwe mbele ya wote halmashauri yake imetenga kiasi gani kwa ajili ya mlinzi huyo.