Mpe Mbishi Hoja Nzito: Kwa Wanaoanza Kuandika kwa Ajili ya Jamii

Vijana wanaokuja kwetu kujitolea wengi wana kalamu nzuri kuliko tuliyokuwa nayo sisi tulipoanza. Wametoka vyuoni, wengine ni walimu, mmoja mmoja ni mshairi aliyechoka kusomwa na marafiki zake tu. Wanataka kipaji chao kifae watu: igizo la kuchezwa uwanja wa shule, mchezo wa redio ya jamii, hadithi ya watoto wa darasa la pili, shairi la siku ya afya. Wanauliza waanzie wapi, nami huwaambia waanze na mtu wasiyekubaliana naye.

Fikiria kwa nini umeitwa. Karibu kila mara kuna jambo ambalo watu fulani hawalifanyi na wenzao wanataka walifanye, au wanalifanya na wenzao wanataka waache. Wale waliokwisha kukubali watakupigia makofi hata ukiandika ovyo. Uliyemwandikia hasa ni yule aliyekaa pembeni chini ya mwembe, kakunja mikono, anangoja kuona kama na wewe umekuja kumwita mjinga.

Wazee wetu wa ushairi walilijua hili. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, Mwalimu Nyerere aliwaomba washairi walieneze, na Mathias Mnyampala na wenzake wa UKUTA, chama cha washairi, wakaitumia ngonjera: pande mbili zinabishana kwa beti, huyu anapinga, yule anajibu, mpaka mwisho wanaelewana. Mtindo huo umejengwa juu ya ubishi. Sasa tazama ngonjera nyingi za shuleni siku hizi. Watoto wamepangwa mstari mbele ya mgeni rasmi, mmoja kapewa beti mbili za kujifanya mjinga, wenzake wanamrudi kwa pamoja, mgeni rasmi anatoa noti, basi. Mbishi hakuwa na hoja hata moja ya maana, kwa hiyo hapakuwa na ubishi wa kushinda. Mzazi aliyekuwa na hoja halisi amerudi nayo nyumbani kama alivyokuja.

Chukua mfano wa igizo kuhusu kujifungulia kwenye kituo cha afya. Rasimu ya kwanza ninayoletewa huwa na mume anayesema hivi: "Mimi sitaki mambo ya hospitali! Mila zetu hazitaki!" Hakuna mwanamume anayezungumza hivyo. Nenda ukawasikilize kwenye kijiwe cha bodaboda au kilabuni, utarudi na mume wa namna hii:

"Safari ile nilikodi bodaboda saa nane usiku, elfu kumi na tano, ya kukopa. Tumefika, swali la kwanza: beseni liko wapi? Glovu ziko wapi? Kanga za mtoto ziko wapi? Mwenzangu kashika ukuta, mimi nahangaika kugonga maduka ya watu. Bibi Mwajuma huku kwetu haulizi beseni."

Huyo sasa ni mtu. Akimaliza kusema, utasikia uwanja mzima unaitikia "Kweli kabisa!", na mwandishi mgeni huingiwa na hofu kwamba igizo limeharibika, watu wamekwenda upande wa mume. Tulia, hapo ndipo kazi imeanza. Kinachojadiliwa sasa si ujinga wa mtu tena, ni nauli ya usiku na orodha ya vifaa, na hayo yana wa kuyajibu: mkunga yupo, mwenyekiti wa kijiji yupo, akina mama wa kikoba wapo na mfuko wao wa dharura. Ila mhudumu wa zahanati mwonyeshe maandishi mapema, asije akashtukizwa mbele ya watu. Humpi ili akate mistari. Unampa ili aje na majibu.

Kwenye redio kanuni ni hiyohiyo, ila una muda mrefu zaidi wa kumfuata mbishi. Mchezo wa Twende na Wakati, wa kuhimiza uzazi wa mpango, ulioanza kurushwa na Radio Tanzania mwaka 1993, ndio ninaowafundishia wageni wote wa fani hii. Ulikuwa na Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake kila kituo, na ulikuwa na Fundi Mitindo, mtu mwema wa kuigwa. Mwandishi mchanga hudhani mchezo ni wa hao wawili. Mimi nasema mchezo ulikuwa wa Tunu, mke wa Mkwaju, ambaye hakuanza akiwa shujaa wala hakuanza akiwa mbaya. Alivumilia, akasitasita, akaamua kidogo kidogo mpaka akajisimamia. Mtindo huo wa kupanga wahusika ulitokana na kazi ya Miguel Sabido wa Mexico: mwema, mbaya, na yule wa katikati anayebadilika. Watafiti walipata pa kupimia pia, kwa sababu miaka miwili ya mwanzo kituo cha Dodoma hakikuurusha mchezo huo. Walipolinganisha, matumizi ya uzazi wa mpango yalikuwa yamepanda zaidi kule ulikosikika. Kwa hiyo ukipewa vipindi vya redio, anza kwa kumtafuta Tunu wako. Ukimpata, wengine watajipanga.

Utampata wapi? Kwa kukaa na watu. Mwaka 1982 na 1983 walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akina Penina Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi, walifanya kazi ya sanaa ya maendeleo huko Malya, mkoani Mwanza, na utaratibu wa kazi za namna ile ndio tunaoutumia mpaka leo: kwanza unaishi na wenyeji na kuuliza, kisha mnachambua pamoja tatizo ni lipi, kisha mnatunga, mnacheza, halafu mnajadiliana. Kutunga ni hatua ya tatu. Wengi wenu mtakuja na maandishi yaliyokamilika kwenye simu, na mtaumia mtakapoambiwa myaweke pembeni.

Kamirithu, karibu na Limuru nchini Kenya, walikwenda mbali zaidi. Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii walipeleka igizo lililoandikwa kwa lugha ya Kikuyu, mazoezi yakafanyika hadharani, na wanakijiji wakawa wanasahihisha: mzee hawezi kusema hivi, kibarua hawezi kumjibu tajiri vile. Maonyesho yalianza mwaka 1977, na kabla mwaka haujaisha serikali ilikuwa imefuta kibali na Ngũgĩ wa Thiong'o kawekwa kizuizini. Nawatajia hilo ili mjue kwamba kusahihishwa na wanakijiji si adabu ya kupamba ripoti tu. Maneno yakishakuwa ya watu wenyewe yana uzito wake, na wapo watakaousikia. Kwa hiyo piga hodi kwa mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji mapema, kwa heshima, eleza unafanya nini, na waalike siku ya onyesho wakae mbele.

Kuhusu lugha sitasema mengi. Mkulima wako akitamka "wadau" au "uwezeshwaji", futa. Kama watu wa mahali wanabishana kwa Kisukuma au Kidigo, waache wahusika wabishane hivyo.

Jambo linalonikosesha usingizi ni visa vya watu. Ukikaa na watu watakusimulia, na vingine vitakuwa vizito: binti aliyepewa mimba na ndugu, mjane aliyefukuzwa shambani na shemeji zake. Kishawishi cha kuvichukua vilevile kinakuja haraka, maana vina nguvu kuliko chochote utakachobuni. Kubadili jina hakusaidii. Kijijini mtu hajulikani kwa jina tu. Anajulikana kwa bati la nyumba yake, kwa ng'ombe mwenye pembe moja, kwa namna anavyokohoa. Ukiweka shamba lenye mnazi mmoja mpakani, umemtaja. Changanya visa vya watu kadhaa, hamishia mambo kijiji kisichokuwepo, geuza shemeji awe kaka mkubwa, shamba liwe mashua. Halafu msomee mwenye kisa kabla ya mtu mwingine yeyote, na akisema hapana, ni hapana, hata kama onyesho ni kesho.

Na ujue kwamba baada ya onyesho mtu atakufuata. Mara nyingi ni mtoto au mwanamke, naye atasubiri watu watawanyike. Wewe si polisi wala mshauri nasaha, lakini huwezi kumjibu kwamba wewe ni msanii tu. Kabla ya kupanda jukwaani ujue jina la afisa ustawi wa jamii wa eneo hilo, ujue dawati la jinsia na watoto la polisi liko kituo gani, na uwe na namba 116 ya msaada kwa watoto, inayofanya kazi Tanzania na Kenya pia. Igizo la ukatili lisilo na mahali pa kumpeleka mtu, mimi sipendi lichezwe kabisa.

Sasa mambo madogo ya uwanjani, ambayo hakuna aliyetufundisha darasani. Hakuna kipaza sauti, au kipo na betri imekufa. Upepo unapiga. Saa kumi jioni akina mama wengi wako kisimani, kwa hiyo waulize wao saa, usimwulize mwenyekiti peke yake. Sentensi ya jukwaani iwe fupi, na habari ya muhimu isemwe mara mbili na watu wawili tofauti, kwa sababu watu wanaendelea kufika mpaka katikati ya mchezo. Usiweke siri ya hadithi kwenye mnong'ono. Mlevi wa kuchekesha tumia kwa kiasi. Watu watamkumbuka yeye na kusahau mengine yote, na kila kikundi kina mwigizaji mmoja anayeomba awe mlevi.

Hadithi za watoto zina masharti mengine. Kwa mtoto wa darasa la pili, sentensi moja au mbili kwa ukurasa zinatosha, na picha ibebe kile ambacho maneno hayasemi. Wasomee kwa sauti ukiwaangalia nyuso. Wakianza kuchezea vidole, ukurasa huo ni mrefu. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania umekuwa ukihangaikia vitabu vya Kiswahili tangu 1991, na African Storybook ya Afrika Kusini inaweka mtandaoni hadithi zenye leseni huria unazoweza kutafsiri na kuchapa bila kuomba. Lakini ondoa ile sentensi ya mwisho inayosema "hadithi hii inatufundisha". Watoto huacha kusikiliza hapo, na hawana makosa.

Mwisho suala la fedha, maana mtaniuliza tu. Wewe umejitolea, lakini waigizaji wa kijijini wameacha vibarua vyao. Nauli, chai na chakula cha siku ya onyesho viwe kwenye bajeti tangu mwanzo, na viwango vijulikane kwa wote, kwani kikundi huvunjika kwa posho ya siri kuliko kwa njaa. Andika makubaliano ya ukurasa mmoja kwamba kikundi kinaweza kuendelea kulicheza na kulibadilisha igizo bila kukuomba, kisha acha nakala mbili, moja kwa kiongozi wa kikundi na moja kwa mwalimu wa shule ya karibu. Mfadhili atataka idadi ya waliohudhuria, mpe. Chini yake andika hoja zilizotolewa na wabishi, neno kwa neno, na zipi hazikupata jibu. Hizo ambazo hazikupata jibu ndizo utakazoanza nazo igizo linalofuata.