Jibu: Mota ya droni isiyo na sensa inatetema tu, haizunguki

Yakhe, kutetema pale pale na kutoa mlio kama ulivyosema sio kuungua, usikimbilie Darajani kununua nyengine. Mota isiyo na sensa unajua rota (ile sehemu inayozunguka) ilipo kwa voltiji inayorudi kwenye ule waya wa tatu usiopewa moto, na ikiwa imesimama voltiji hiyo haipo kabisa, kwa hivyo programu yako inayoiendesha inangoja kitu kisichokuja. Anza kwa upofu: zipe moto fezi mbili (waya mbili kati ya zile tatu) kidogo rota ikae sawa, halafu piga zile hatua sita za kuwasha fezi mbili mbili kwa zamu, polepole ukiongeza kasi taratibu, ikishachanganya ndo uiachie komparata, ile saketi ya kulinganisha voltiji mbili. Voltiji ya ule waya usiopewa moto ikivuka nusu ya ile ya betri ngoja digrii 30 za umeme (yaani nusu ya hatua moja, sio digrii za shafti!) ndo ubadilishe fezi. Mie iliniliza wiki nzima kumbe kelele za PWM (ule moto wa kuwasha na kuzima haraka haraka), nilikuwa nasoma voltiji pale pale mosfeti, yaani transista inayowasha fezi, inapofunguka, soma katikati ya palsi, na kapasita ya kuchuja isiwe kubwa maana inachelewesha, kasi ikipanda mota inapotea njia. Tumia pawasaplai yenye limiti ya ampea, mosfeti tano nshaziunguza mie.