Ofisi ikikulipia kugandisha mayai, soma masharti kwanza
Mdogo wangu, una miaka 33, mwajiri wako hapo Masaki anataka kukulipia kugandisha mayai ya uzazi, nawe unauliza kama ni hisani au unaambiwa kiaina usizae sasa. Yaweza kuwa vyote viwili. Habari za Facebook na Apple kugharamia hadi dola 20,000 zilipotoka mwaka 2014, wanawake wenyewe waligawanyika hivyo hivyo.

Mimi ningeangalia kwanza anavyotendewa aliyejifungua. Anapewa siku zake 84 za likizo bila kununiwa? Akirudi, anakikuta cheo chake? Kama hapana, hiyo ofa ningeiogopa.

Halafu pesa. Sindano za homoni za kama wiki mbili na kuvuna mayai ni mwanzo tu. Ukiacha kazi, nani atalipa ada ya kuyahifadhi kila mwaka? Na kuyarutubisha baadaye? Mengine hufa yakiyeyushwa, kwa hiyo usihesabu mtoto bado. Umri wako unafaa. Baada ya 35 ubora hushuka haraka. Muone daktari wa uzazi asiyelipwa na kampuni, na majibu ya vipimo yasipitie ofisi ya utumishi. Mashangazi nao si lazima wajue.