Mbwa wa kilo 20 mwenye parvo (virusi vya tumbo), presha haipandi: noradrenalini, dawa ya kubana mishipa ili presha ipande, inaanzaje?
Daktari, kama ameshapata dripu ya Ringer lactate ml 20 kwa kila kilo, mara mbili, na namba ya juu ya presha bado ni 70, usizidi kumjaza maji, yataishia mapafuni. Anza noradrenalini, mikrogramu 0.1 kwa kilo kwa dakika.

Toa ml 4 kwenye chupa ya ml 250 ya dekstrosi 5%, kisha weka mg 4 za noradrenalini yenyewe. Kila ml sasa ina mikrogramu 16, kwa hiyo huyo wako anahitaji ml 7.5 kwa saa, kwa pampu. Soma ampuli kwa makini sana: mg 2 za tartrate (chumvi ya dawa hiyo) ni mg 1 tu ya noradrenalini yenyewe.

Pima presha kila dakika 5, ongeza kidogo kidogo hadi wastani wa presha ufike 65. Tumia mshipa mkubwa, wa shingoni ukiweza. Ngozi ikipauka na kupoa karibu na kanula, dawa inavuja. Hamishia mshipa mwingine mara moja, la sivyo nyama itakufa. Usipitishe sindano nyingine kwenye mpira huohuo wa dripu, maana dawa iliyomo itaingia yote kwa mkupuo. Sukari nayo ipime, wa parvo huishiwa upesi.